Folda ya Pamoja Inakula Nafasi ya Nani?

Ofisi yetu ya picha na video za harusi iko Kirumba, jijini Mwanza, na ina watu watatu: mimi, kijana anayehariri video, na mpiga picha mwenzetu anayeishi Nansio, Ukerewe. Zamani kazi zake zilikuwa zinavuka ziwa kwa kivuko, kadi za kamera zikiwa ndani ya bahasha, na kulipokuwa na dhoruba tulisubiri. Tulipochoka kusubiri nilifungua folda kwenye Google Drive, hifadhi ya faili ya mtandaoni ya Google, nikawapa wote wawili ruhusa ya kupakia humo, nikadhani nimemaliza. Sikujiuliza kitu kimoja ambacho nilipaswa kukiuliza siku ile ile: faili zitakazoingia humo zitahesabiwa kwenye akaunti ya nani?

Nilichoamini, na nimegundua kuwa wengi wanaamini hivyo, ni kwamba folda ikiwa yangu basi kila kilichomo ni changu na kinakula nafasi yangu. Kwenye akaunti binafsi za Google sivyo ilivyo. Anayepakia faili ndiye mwenye faili hiyo, hata kama ameiweka ndani ya folda ya mtu mwingine, na ukubwa wake unatolewa kwenye nafasi yake yeye. Akaunti ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya Drive, barua pepe za Gmail na Google Photos. Picha moja ghafi ya kamera yetu ina takriban MB 25 (MB 1,000 ni kama GB moja), kwa hiyo picha 600, ambazo kwa harusi ya kawaida hata si nyingi, zinaimaliza akaunti nzima.

Ndivyo ilivyomtokea kijana wetu. Nafasi ilipojaa, barua pepe zake zikaacha kuingia, naye alikuwa akisubiri majibu ya maombi ya chuo. Akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya: akatafuta faili kubwa zinazomlemea, akakuta ni picha za harusi alizopakia wiki tatu nyuma, akazifuta, kisha akamwaga na pipa la taka ili nafasi irudi mara moja. Jumatatu asubuhi nilipofungua folda yangu nilikuta picha za kanisani hazipo. Nilipompigia simu alijibu kwa utulivu kabisa, "Kaka, mimi nimefuta za kwangu tu, za kwako sijazigusa." Alikuwa anasema kweli kama alivyoielewa. Bahati yetu ni kwamba mwenzetu wa Nansio alikuwa bado hajaifuta moja ya kadi mbili za siku ile. Ikaja na kivuko siku iliyofuata, imefungwa kwa karatasi ya daftari ndani ya bahasha ya kaki, kama zamani. Kadi ya pili ilikuwa imeshatumika kwa kazi nyingine, na picha za babu wa bibi harusi akitoa nasaha zilikuwa humo.

Simlaumu. Mwenye folda nilikuwa mimi, na kuujua utaratibu lilikuwa jukumu langu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza wateja kwa mfano wa maghala ya dagaa ya Mwaloni, ambao hapa Mwanza hauhitaji maelezo marefu. Google Drive ni ghala ambamo kila gunia lina alama ya mwenyewe: mwenye ghala hatozwi kwa magunia ya wengine, lakini mwenye gunia anaweza kuja wakati wowote akaondoka nalo. OneDrive, hifadhi kama hiyo ya Microsoft, ni kinyume chake, kwa kuwa mwenye folda ndiye anayebeba vyote, pamoja na vile vinavyoingizwa na wageni wake. Akaunti ya bure huko ina GB 5, hivyo kamati ya harusi ikifungua folda na kuwaomba waalikwa 80 waweke video za simu zao, atakayejaziwa ni yule mmoja aliyeifungua. iCloud ya Apple nayo, ambayo pia hutoa GB 5 za bure, huhesabu folda ya pamoja kwa mwenye folda peke yake.

Dropbox, hifadhi nyingine ya aina hiyo, ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Kwenye akaunti binafsi, folda ya pamoja huhesabiwa kwa ukubwa wake wote kwa kila mwanachama, kana kwamba kila aliyealikwa ametakiwa kutenga chumba cha ukubwa ule ule nyumbani kwake. Akaunti ya bure ina GB 2, kwa hiyo ukimwalika mteja kwenye folda ya GB 6 hataweza kuiingiza kwenye akaunti yake. Mtumie kiungo cha kutazama na kupakua badala ya mwaliko wa folda, kwa kuwa kiungo hakimlii nafasi yoyote.

Yako mambo madogo ambayo nayo hula nafasi kimyakimya. Kutazama faili uliyoshirikishwa kwenye Google Drive hakukugharimu kitu, na kuiwekea njia ya mkato vilevile, ila ukitengeneza nakala, nakala ile ni yako na inahesabiwa kwako. Faili iliyoko kwenye pipa la taka bado inahesabiwa hadi siku 30 zipite au ulimwage mwenyewe. Na umiliki unaweza kuhamishwa: mwenye faili anatuma ombi, anayepewa anakubali, na kuanzia hapo mzigo ni wa yule mpya. Taasisi zinazolipia huduma ya ofisi ya Google zina hifadhi ya pamoja ambamo faili ni mali ya taasisi yenyewe, jambo ambalo lingetuepusha na yote haya, lakini kwa ofisi ya watu watatu sikuona sababu ya kulipa kiasi hicho.

Badala yake nimelipia GB 100 kwenye akaunti moja ya ofisi. Kijana anapakia akiwa ameingia kwa akaunti hiyo kwenye kompyuta ya ofisi, na yake binafsi ameibakizia barua pepe zake. Mwenzetu wa Nansio anaendelea kupakia kwa akaunti yake, kwa sababu sipendi nywila ya ofisi izunguke kwenye simu za watu. Faili zake zikishafika ninazitengenezea nakala, ninafungua chache kuhakikisha ni nzima, kisha ninamtumia ujumbe wa maneno mawili, "Nimenakili, futa." Kabla hajaupata ujumbe huo, hafuti faili wala kadi.