Mwani "unachuja" au "unatuamisha"?

SWALI: Natengeneza bia nyumbani, hapa Mikindani, Mtwara. Dakika za mwisho za kuchemsha natia unga wa mwani ili bia isiwe na ukungu. Mimi husema "mwani unachuja pombe". Mwenzangu ananisahihisha: "unasafisha pombe". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna aliyepatia, ila wewe umekaribia zaidi. Kusafisha ni kuondoa uchafu, na ukungu unaousema si uchafu. Ni protini zilizotoka kwenye nafaka yenyewe.

Kuchuja nako kunataka chombo cha kuzuia. Ukichuja tui, kifumbu hubaki na machicha na tui hupita. Sufuriani mwako hakuna kitu cha namna hiyo. Mwani una karaginani, dutu ya kugandisha vyakula, ileile inayofanya wanunuzi waufuate mwani wa Mtwara na Lindi. Karaginani ina chaji hasi, protini zina chaji chanya, basi hushikana na kuwa mabonge, na yale mabonge huzama sufuria inapopoa. Kitu kilichokuwa kikielea kimeshuka chini kikatulia, na Kiswahili kina kitenzi chake kamili: kutuama. Anayesababisha hali hiyo anatuamisha. Mabonge yaliyolala chini ni mashapo.

Ningependa tukishike kitenzi hiki kwa nguvu, maana kinatusaidia kutenganisha kazi tatu ambazo wengi wetu tunazirundika ndani ya "kuchuja". Povu la juu unaliengua. Makapi ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, unayachuja kwa kitambaa. Protini unazituamisha. Mtu akikusikia unatamka hivyo, anajua mkono wako ulifanya nini hata kama hajaiona sufuria.

Wapo wanaosema "kung'arisha bia". Siupendi msemo huo: kinachong'arishwa ni sufuria au kiatu, kitu chenye uso wa kusuguliwa. "Kuangaza" ndiyo kabisa haifai, kwa kuwa ni kutoa nuru. Kwa matokeo tumia kivumishi -angavu: bia angavu, maji maangavu, kinywaji kiangavu.

Na hiyo "pombe" pia niiguse. Unapotia mwani hujatia hamira, hakuna kilichochachuka, kwa hiyo pombe bado haijapatikana. Yaite maji ya kimea.

Je, dawa yenyewe tuipe jina gani, maana si lazima iwe unga wa mwani, vipo na vidonge? Kutokana na unganisha tuna kiunganishi, na kutokana na tenganisha tuna kitenganishi. Kwa njia hiyohiyo napendekeza kituamishi, na sioni sababu ya kukopa neno jingine. Sentensi yako basi iwe hivi: "Dakika 10 kabla ya kuepua, tia kituamishi, kijiko kimoja cha chai kwa maji ya kimea lita 20, yakishapoa na mashapo yakituama, hamisha maji hayo taratibu bila kuvuruga mashapo."