Weka chini hiyo wili spana kwanza

Usivute chochote kesho. Umesema mkanda wa feni wa NKR yako, lori dogo la Isuzu lenye injini ya dizeli ya 4JB1, unapiga kelele kila asubuhi hapo Molo, makanika wa kando ya barabara amekuambia "vuta altaneta mpaka inyamaze", yaani uisogeze nje hiyo mashine ya kuchaji betri ili mkanda ukaze, na mpango wako ni kuvuta, kupakia viazi, halafu kupandisha Timboroa kwenda Eldoret. Umeuliza pia kama ufunge altaneta ya ampea kubwa zaidi ili uongeze taa na redio ya maana. Hilo tuliache mpaka mkanda upimwe. Lakini hilo la "mpaka inyamaze" ndilo limenifanya niache chai ipoe, maana maneno hayo hayo niliyalipia silinda hedi, na aliyenipa hakuchangia hata gasketi.

Kelele si kipimo cha kukaza. Mkanda hulia ukilegea, na hulia vilevile ukiwa umekazwa sawasawa lakini umechakaa, umeng'aa pembeni, umelowa mafuta, au puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote: stata (mota ya kuwashia injini) imetoka kunyonya betri, altaneta inataka kuirudishia chaji yote mara moja, puli yake inakuwa nzito, na mpira bado umekakamaa kwa ile baridi ya Molo. Kati ya sababu zote hizo ni moja tu inayotibiwa kwa spana. Zile nyingine ukizitibu kwa spana utapata kimya, ndiyo, kimya cha muda mfupi.

Sasa angalia bei ya hicho kimya. Kwenye injini hiyo mkanda mmoja unapita puli tatu: ya krankshafti, ya pampu ya maji iliyobeba feni, na ya altaneta. Ukivuta kupita kiasi huivuti altaneta peke yake. Unaivuta pia shafti ya pampu ya maji kwa upande, saa zote ambazo injini inazunguka, na beringi zake hazikuundwa kubeba mzigo huo. Beringi ikianza kulika shafti inacheza, shafti ikicheza sili inaachia, na sili ikiachia maji yanaanza kudondoka kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya shingo ya pampu. Kitundu hicho si ubovu wa kiwanda, kimewekwa makusudi kikutangazie msiba mapema. Dereva wetu anaona tone, anaongeza chupa moja ya maji, anaondoka.

Halafu unafika kwenye mlima baada ya Mau Summit. Mzigo umejaa, gia ni ndogo, mwendo ni wa mtu anayetembea haraka, radieta haina upepo mwingine isipokuwa wa feni. Maji yanazidi kupungua. Na hapa ndipo wengi huuliwa injini wakiwa wanaangalia dashibodi: maji yakishuka chini ya sensa ya joto, sensa inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale wa joto unaweza kukaa pale pale katikati, au hata kushuka, huku hedi inaungua. Unakuja kushtuka nguvu zimeisha. Hedi imepinda, gasketi imepasuka, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kama beringi ya pampu imekatika kabisa, feni nayo imeruka mbele ikachana radieta. Haya, piga hesabu: pampu, radieta, gasketi, kupeleka hedi mashineni ikasawazishwe, oili mpya, gari la kukuvuta, na viazi vya watu vinavyoota macho kando ya barabara vikikutazama. Mkanda wenyewe ni wa bei rahisi kuliko kitu chochote katika orodha hiyo.

Altaneta yenyewe pia haiponi. Beringi yake ya mbele huanza kuvuma, sauti inayopanda na kushuka na mafuta unayokanyaga. Ikiachwa hivyo rota, ile sehemu inayozunguka ndani, inalegea mpaka inasugua stata ya altaneta (si ile ya kuwashia, ni koili zisizozunguka zinazoizingira), na hapo hutengenezi tena, unanunua.

Hawa mafundi wa "mpaka inyamaze" nina neno nao. Hawana rula. Ukimuuliza mkanda unatakiwa kubonyea kiasi gani anakuonyesha kidole gumba, kana kwamba vidole gumba vyote vya Bonde la Ufa vilitoka kiwanda kimoja. Anavuta kwa wili spana ya lori, anauchapa mkanda kwa ukucha, ukilia kama uzi wa nyatiti anakuambia "sasa iko fiti". Ukirudi baadaye na pampu iliyokufa, anakuuzia pampu. Biashara safi kabisa, sijui kwa nini sikuifikiria mimi.

Kanuni ni hii, na nitaisema mara moja tu, yaani kama mara tano: unapima, ndipo unagusa boliti. Sukuma au vuta mkanda kwa nguvu ya kilo 10, katikati ya kile kipande kati ya puli ya feni na puli ya altaneta. Unatakiwa kusogea milimita 8 hadi 12. Ukisogea zaidi ya 12 umelegea, kaza. Ukisogea chini ya 8 umebana, legeza, hata kama hauna kelele na kila mtu gereji anakusifu. Ukiwa ndani ya kipimo na bado unalia, spana irudi kwenye boksi, tatizo liko kwingine.

Kilo 10 utazijuaje? Chukua mizani ya kuning'iniza yenye kulabu, ile ile wanayopimia samaki soko la Kibuye, Kisumu, au wewe unayopimia viazi. Ingiza kulabu kwenye mkanda katikati, laza ubao ulionyooka au rula ndefu juu ya puli mbili, vuta mizani ikiwa imenyooka pembe mraba na mkanda mpaka isome 10, halafu pima kwa rula ndogo mkanda umesogea milimita ngapi kutoka kwenye mstari wa ubao. Unahitaji mtu wa pili wa kushika ubao. Injini iwe baridi na imezimwa, ufunguo uwe mfukoni mwako, si mwa turnboi.

Ukishajua kweli umelegea, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Ile nati nene nyuma ya altaneta ina umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa, na spana ikiigusa huku imeegemea bodi utaona cheche ambazo hukuzitarajia. Halafu legeza boliti mbili: ile ndefu ambayo altaneta inazungukia, na ile ndogo iliyo kwenye breketi yenye tundu refu lililopinda. Legeza ZOTE. Wengi hulegeza ile ya breketi tu, wanaegemeza chuma na kuvuta, altaneta haitaki kuzunguka, wanaongeza nguvu, na sikio lake la aluminiamu, pale boliti inapopita, linakatika. Zilegee kiasi cha altaneta kusogea kwa mkono lakini isining'inie.

Unapoisukuma nje tumia kipande cha mbao au mpini wa nyundo, na uegemeze kwenye ganda la mbele, karibu na breketi. Usiegemeze katikati palipo na stata. Usiguse kabisa upande wa nyuma, maana pale nyuma ya altaneta yako ndipo penye pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa ili breki ziwe nyepesi. Shikilia ilivyo, kaza boliti ya breketi, kisha ile ndefu. Kama yako ina skrubu ya kurekebishia, usivute chochote: legeza boliti zote mbili, zungusha skrubu nusu mzunguko, pima, zungusha tena. Ukiizungusha huku boliti zimebana utakula meno yake.

Ukimaliza pima tena, kwa sababu kule kukaza boliti ya mwisho huwa kunasogeza altaneta kidogo. Washa injini dakika tano, zima, iache ipoe, pima tena. Mkanda ukiwa mpya ndiyo zaidi: hujilaza kwenye puli na kulegea, kwa hiyo upime baada ya kilomita mia mbili tatu hivi. Usikaze mpya kupita kiasi eti "utalegea wenyewe". Beringi itatangulia.

Na kama kipimo kiko sawa lakini kelele ipo? Angalia mkanda umekaaje ndani ya mfereji wa puli. Mkanda wa V unashika kwa mbavu zake mbili za pembeni. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli au uchungulie juu kidogo. Ukiwa umezama, na chini ya mfereji kunang'aa kama kijiko, maana yake mkanda umelika au ni mwembamba kuliko puli, na sasa unakanyaga sakafu badala ya kushika kuta. Huo unaweza kuuvuta mpaka Busia, utateleza tu. Ndio huo huo ambao fundi wa wili spana anauvuta na kuuvuta. Beba mkanda wa zamani dukani, soma namba zilizoandikwa mgongoni, na ulinganishe upana, si urefu tu.

Angalia pia mafuta. Pampu ya vakyumu inapata oili ya injini kupitia paipu, na kuna hozi ya mpira inayoirudisha. Hozi hiyo ikizeeka inapasuka, oili inarushwa kwenye mkanda, mkanda unateleza na kulia. Ukikuta mkanda unanata au umevimba, badilisha hozi kwanza, osha puli, ndipo uweke mkanda mpya. Kila unaposogeza altaneta, hakikisha hizo paipu hazijavutwa wala kubanwa. Usipake sabuni, usipulize dawa za kunata. Vyote hivyo vinaficha sauti na kuacha ugonjwa.

Na ili usiondoke hapa ukidhani nakutaka uutembeze ukiwa umelegea: mkanda ukiteleza, pampu ya vakyumu nayo inazunguka polepole, buster (kile kisaidizi cha breki) inakosa nguvu, na pedali ya breki inakuwa ngumu. Siku unapopeleka mzigo upande wa Nakuru, ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, hapo si mahali pa kugundua hilo. Ndiyo maana nasema kipimo, si kidole, si sikio.

Mwisho weka mita ya volti kwenye betri injini ikiwa imechangamka. Kama gari lako ni la volti 24 usome kati ya 27.5 na 28.5 hivi, kama ni la 12 usome 13.8 hadi 14.5. Washa taa kubwa, isiporomoke. Ikiporomoka na mkanda uko ndani ya kipimo, usirudi kwenye mkanda! Kagua brashi na regyuleta za altaneta, na waya zilizoota kutu kwenye vichwa vya betri.

Pima leo jioni, kabla hujakaza. Andika hapa milimita ulizopata na uweke picha ya mkanda ukiwa ndani ya mfereji wa puli ya altaneta. Ukiandika "nimebonyeza kwa kidole naona iko sawa", sikujibu.