Kaka Anasema Hasira Ndiyo Maumbile Yake: Je, Ana Dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nasomea udaktari hapa Dar es Salaam, kwetu Mbagala. Kaka yangu akikasirika humpiga mkewe, kisha husema, "Ndivyo nilivyoumbwa, hii damu ya baba." Chuoni tunafundishwa kuwa tabia ina mizizi kwenye jeni na ubongo. Je, ana dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, wala usiwapinge walimu wako. Ashajj wa kabila la Abdul Qays alisifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa upole na utulivu, akauliza: nimezichuma sifa hizi mwenyewe, au Allah kaniumba nazo? Akajibiwa kuwa Allah ndiye aliyemuumba nazo (Abu Dawud). Basi na mwepesi wa hasira yupo, na wepesi huo peke yake si dhambi.

Dhambi ni kipigo. Mtu mmoja alimwomba Mtume wasia, akaambiwa, "Usikasirike." Akarudia kuomba, jibu likawa lile lile (Bukhari). Allah haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu waliodai tabia haibadiliki: ingekuwa hivyo, mawaidha yote yangekuwa bure. Kokwa ya tende si mtende, lakini ikitunzwa huwa mtende. Aristotle naye, mwanafalsafa wa Kigiriki, karne nyingi kabla yake, alisema tabia njema hujengwa kwa mazoea.

Suala la ubongo lina uzito wake. Mwaka 1848 huko Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli, alipenywa na chuma kichwani baruti ilipolipuka. Alipona, ila rafiki zake wakasema si yule tena. Sheria yetu inalijua hilo: kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Kama kaka yako aliumia kichwa, au hali hii imemwanza ghafla, mpelekeni hospitali ya Muhimbili.

Lakini chunguza jambo moja: bosi wake akimuudhi, humpiga? Kama kwa bosi hujizuia na kwa mke hajizuii, uwezo anao, na damu ya baba anaisingizia tu. Atubu, amwombe mkewe radhi, na hasira ikimpanda akiwa amesimama, akae. Isipoondoka, alale, kama alivyofundisha Mtume.

Shemeji yako msimwambie avumilie. Iteni wazee wa pande zote mbili sasa hivi, na akipigwa tena, msindikize wewe mwenyewe kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.