Maswali ya Wasomaji: Bima na Uchunguzi wa Saratani ya Mapafu

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Ana miaka 63. Alivuta pakiti moja ya sigara kila siku kwa miaka 25, akaacha miaka 17 iliyopita. Bima ya kazini kwake imekataa kulipia uchunguzi wa saratani ya mapafu. Nasikia wabunge wa huko walileta muswada wa kupanua huduma hiyo. Je, ungemfaa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usingemfaa: ulilenga bima ya aina nyingine, na kikwazo cha mjomba wako ni hiyo miaka 17.

Sheria ya afya ya mwaka 2010 inazilazimu bima nyingi za binafsi kulipia, bila mwanachama kuchangia chochote, huduma za kinga zilizopewa daraja la A au B (yaani zinazopendekezwa) na jopo la kitaifa la wataalamu, yaani US Preventive Services Task Force. Uchunguzi wa mapafu kwa kipimo cha CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) chenye mionzi kidogo ulipata daraja la B mwaka 2013, na mwaka 2021 masharti yakalegezwa: mtu awe na umri wa miaka 50 hadi 80, awe amevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 au zaidi, na awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Mjomba wako ametimiza mawili ya kwanza, akakwama kwenye la tatu. Shirika la Saratani la Marekani liliondoa sharti hilo katika mwongozo wake wa 2023, na kwa maoni yangu lilifanya vyema, lakini mwongozo huo hauzifungi bima kisheria.

Muswada uliowasilishwa mwaka 2023 uliwalenga wanachama wa Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ambao baadhi yao hupata au hukosa huduma hii kutegemea jimbo wanaloishi. Ungeyataka majimbo yote kuilipia bila mchango wa mgonjwa na bila kudai idhini ya awali ya bima. Bunge lile lilimaliza muda wake Januari 2025 bila kuupitisha.

Lipo pengo jingine ambalo naliona kubwa zaidi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watu zaidi ya 53,000, uchunguzi huu ulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ukilinganishwa na eksirei ya kawaida ya kifua. Hata hivyo, karibu robo ya picha zilionyesha jambo la kutiliwa shaka, na zaidi ya asilimia 95 ya hizo hazikuwa saratani. Kila shaka hudai kipimo kingine, na hicho cha pili mara nyingi mgonjwa huchangia kutoka mfukoni. Kwa saratani ya utumbo mpana serikali iliziba pengo la namna hiyo mwaka 2022, kwa kuagiza kipimo cha pili nacho kilipiwe chote. Sioni sababu mapafu yasitendewe vivyo hivyo.

Kwa sasa mjomba wako amwombe daktari wake aiandikie bima maombi ya kuangaliwa kipekee, na aulize bei ya kipimo kabla ya kukubali kujilipia. Lakini akianza kukohoa damu, kupungua uzito bila sababu au kubanwa pumzi, asisubiri majibu ya bima: mwenye dalili hupimwa kama mgonjwa, na sharti la miaka 15 halimhusu tena.