Jibu: Watu wa ustawi wa jamii kwenda kuongea na wabunge wa jimbo (Massachusetts), kuna faida au ni picha tu?

Dada umeuliza mawili, kama hii siku ya watu wa ustawi wa jamii kwenda State House (jengo la Bunge la jimbo) pale Boston kuwabana wabunge ina maana yoyote au watu wanapiga picha wanarudi, na kama wewe mwenye grinkadi unaruhusiwa. Nianze na la pili maana ni jepesi. Unaruhusiwa kabisa. Kura huwezi kupiga, ila mbunge anawakilisha kila anayeishi eneo lake na hakuna anayekuuliza karatasi ukienda kuongea naye. Cha kuangalia ni kazini kwako. Shirika lisilo la faida linaruhusiwa kushawishi sheria kwa kiasi, marufuku ni kumpigia debe mgombea, na ruzuku ya serikali kuu haiguswi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo chukua siku yako ya likizo, ongea kwa jina lako, taja taaluma yako, jina la shirika liache mpaka bosi akubali.

Sasa la kwanza. Mimi nipo Worcester, kazi yangu ni familia zenye watoto wadogo, wengine ni wa kwetu kabisa, Wakongo waliopitia kambini. State House nimeenda miaka mingi, na nakwambia ukienda na mada ya "umaskini" umepoteza nauli. Hakuna mbunge atakayekwambia anaupenda umaskini, atakushukuru, atatikisa kichwa, mmeachana. Nenda na namba ya muswada mmoja, na kitu kimoja ulichokiona kazini ambacho yeye akikaa ofisini kwake hawezi kukiona.

Nikupe mfano. Tangu ile sheria ya 1995 hapa jimboni mpaka ilipofutwa 2019, mama akiwa tayari anapokea msaada wa pesa taslimu, huu tunaouita TAFDC, halafu akapata mimba nyingine, yule mtoto aliyezaliwa alikuwa hahesabiwi. Cheti alikuwa nacho, alikula kama wenzake, ila kwenye hesabu ya ofisi hakuwepo. Pesa yenyewe ilikuwa kama dola 100 kwa mwezi. Mwenye mshahara ataona ndogo, ila sisi tunaoingia kwenye zile nyumba tunajua 100 ile ndiyo pampasi, maana kadi ya chakula hainunui pampasi, hainunui sabuni, hailipi basi. Na vituo vingi vya kulelea watoto wanataka mzazi alete pampasi zake, kwa hiyo huna pampasi mtoto hapokelewi, mtoto hajapokelewa huendi kazini, na hiyo sheria ilipitishwa kwa maneno kwamba inamsukuma mama akafanye kazi! Niliwahi kuyaeleza haya kwa msaidizi wa mbunge mmoja, akaacha kuandika akaniambia rudia hapo kwenye kituo cha watoto. Takwimu za watoto kama 8,700 walioachwa nje alikuwa nazo tayari kwenye karatasi, ila hakuwa anajua pampasi zinavyomfungia mtu nyumbani.

Halafu angalia ilivyochukua muda. 2018 Bunge lilikubali kuifuta, ila ilifika kwa gavana mwishoni mwa vikao, na vikao rasmi vilikuwa vinafungwa Julai 31, gavana akakataa wakati Bunge limeshatawanyika, hakuna wa kuutengua uamuzi wake. Kazi ya mwaka mzima ikaishia hapo. 2019 wakaanza mapema, wakapitisha tena, gavana Baker akapiga veto tena, ila safari hii Aprili wabunge wapo, mabaraza yote mawili yakapindua veto kwa theluthi mbili. Sheria ya 1995 ikaondoka 2019, hesabu mwenyewe. Ndiyo maana nawaambia wageni wajue kalenda kabla ya kujua hotuba, muswada mzuri uliofika umechelewa unakufa sawa na mbaya.

Na mingi haifi kwa kupigiwa kura ya hapana, inafia kwenye kamati. Kila muswada hapa unapewa siku ya kusikilizwa hadharani, watu wanatoa ushahidi dakika chache chache, baadaye kamati ikitaka kuuzika kwa adabu inaupeleka "ukafanyiwe utafiti", na huo utafiti mara nyingi haufanyiki. Kwa miaka mingi mara nyingi hukuweza hata kuona jina la mbunge aliyekataa. Hili linanikera sana, maana mama wa watu amekosa zamu ya kazi, amekuja na treni mpaka Boston kueleza maisha yake mbele ya watu asiowajua, halafu anajibiwa kwa ukimya. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, baada ya ile siku ya mwezi Machi. Piga simu, uliza muswada umefika wapi, uliza mbunge wako kaweka jina lake kuuunga mkono au hajaweka, wiki inayofuata piga tena. Na ukipokelewa na kijana wa ofisini badala ya mbunge usinune, yule ndiye anayemwandikia bosi wake muhtasari.

Jambo lingine, usimsemee mtu anayeweza kujisemea. Kwenye kampeni ya kudai simu za magereza ziwe bure, waliosikika zaidi ni ndugu wa wafungwa wenyewe, akina mama na bibi waliokuwa wanachagua walipe umeme au waongee na mtoto aliye ndani. Ilipita, na kuanzia Desemba 2023 simu za magereza ya jimbo na jela za kaunti Massachusetts ni bure. Wewe fanya kazi ya kumwezesha: nauli, mtu wa kubaki na watoto, mkalimani anayejua Kiswahili cha Kongo sio cha kubahatisha. Akisema hataki kuja, basi, asilazimishwe, na kisa chake usikibebe bila ruhusa hata ukificha jina, maana miji yetu midogo watu wanajuana kwa idadi ya watoto tu.

Kama unataka pa kuanzia, fuatilia miswada ya kupandisha hiyo TAFDC ifike angalau nusu ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, imekuwa ikirudi Bungeni kipindi baada ya kipindi. Ushahidi wa maandishi unapokelewa, ukurasa mmoja unatosha, ila andika kwa maneno yako, ile barua ya kunakili wanapokea mamia wanazihesabu tu. Ukishaiandika niwekee hapa niipitie kabla hujatuma, na mwenye mteja aliyeko tayari kuongea aniandikie inbox tupange usafiri pamoja.