Kwa wanaoanza mashindano ya kuogelea na kukimbia hapa Kigoma

Mtu anayeshindana kuogelea na kukimbia katika mji wake ana faida ambayo mgeni hawezi kuinunua, kwani halali ugenini, hasafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli kwenda Dar es Salaam, na anaweza kufanya mazoezi katika maji yale yale atakayoshindania. Hata hivyo, katika miaka ya kushiriki na baadaye kuwaandaa vijana, nimeona wenyeji wengi wakiipoteza faida hiyo kwa kudhani kwamba kulizoea ziwa ndiko kulijua. Aliyekulia Kibirizi au Katonga ameoga katika Ziwa Tanganyika tangu utotoni, lakini ameoga karibu na ufuko, mchana, akipumzika kila alipochoka. Mashindano humtaka aogelee mbali, asubuhi, katikati ya watu wanaopigana vikumbo, kisha atoke majini akikimbia.

Umbali unaotambulika kimataifa ni kuogelea kilomita 1 na kukimbia kilomita 5, ingawa waandaaji wa mashindano madogo huweza kuupunguza. Waulize mapema umbali, saa na mahali pa kuanzia, kwa kuwa majibu hayo ndiyo yatakayopanga mazoezi yako.

Saa ya kuanza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, hivyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, wakati wenzetu wa pwani wameshaliona kitambo. Ukienda ziwani saa kumi na mbili kamili utakuta bado kuna giza, na hapo si mahali pa kujifunzia. Jua likishatoka, unapoogelea kuelekea katikati ya ziwa linakuwa mgongoni, lakini ukigeuka kurudi ufukoni linakupiga usoni kutoka juu ya vilima, na boya lililoonekana wazi dakika chache zilizopita linapotea kabisa. Kwa sababu hiyo, vaa miwani ya kuogelea yenye vioo vyeusi, na kabla ya kuingia majini chagua kitu kikubwa nchi kavu, kama jengo refu au mti unaojitokeza kilimani, kilicho kwenye mstari wa mahali pa kutokea. Jizoeze kuinua macho tu juu ya maji kila baada ya mipigo kadhaa ya mikono, kwani anayeinua kichwa chote huzamisha miguu na kupoteza mwendo.

Upepo nao unahitaji kusomwa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani, na maji yaliyotulia ndani ya ghuba hayakuelezi chochote kuhusu mawimbi yaliyoko nje ya rasi ya Bangwe. Jifunze kuvuta pumzi kwa pande zote mbili, ili wimbi likija kutoka kulia uweze kupumua kushoto.

Usiogelee peke yako hata kama wewe ni hodari, kwa sababu ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, sehemu nyingi huporomoka ghafla karibu na ufuko na hakuna pa kusimama. Mtafute mwenzako wa kukufuata kwa mtumbwi, na ujifunge kamba inayovuta dumu tupu lililozibwa vizuri, ili wavuvi wa dagaa wanaorudi asubuhi wakuone. Wavuvi hao pia ndio wa kuulizwa kuhusu mamba na kuhusu sehemu zenye nyavu, na jibu lao lifuatwe bila ubishi.

Sehemu inayowashinda wengi ni ile ya kutoka majini. Damu imekuwa ikifanya kazi mikononi na mabegani, mwili ulikuwa umelala, na sasa unasimamishwa na kuamriwa kukimbia. Miguu hulegea na kichwa huzunguka. Katika mita za mwisho za kuogelea ongeza kupiga miguu, na katika mazoezi usitenganishe michezo hii miwili siku zote: angalau mara moja kwa wiki toka majini ukimbie hapo hapo, japo kwa dakika 10. Tumia viatu vyenye kamba za lastiki, kwa sababu vidole vilivyolowa havifungi fundo upesi. Ikiwa njia ya mbio inapanda kutoka stesheni ya reli kwenda eneo la Mwanga, anza taratibu kuliko unavyotamani, kwani mlima ule huwaadhibu wanaoukimbilia kwa ajili ya macho ya jamaa waliosimama chini.

Na jamaa hao wana lao: hakuna atakayekusamehe kukosa shughuli ya usiku kwa sababu ya mazoezi, basi waage wazee mapema kwa heshima. Migebuka iliyoungwa kwa mawese iache hadi umalize mashindano. Asubuhi ile uji na ndizi vinatosha.

Jambo la mwisho ni kichocho, ambacho kipo katika ziwa letu, hasa kwenye maji yaliyotuama yenye majani na konokono. Epuka sehemu hizo, na wiki kadhaa baada ya mashindano nenda kapime katika kituo cha afya hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu ugonjwa huu huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, na ukigunduliwa una dawa.