Kipepeo kwenye pini: “huyu” au “hiki”?

SWALI: Ninafundisha biolojia sekondari. Shule imetupa chumba na tumeanza kuweka humo mkusanyo wetu wa viumbe: vipepeo kwenye pini, samaki kwenye chupa za spiriti, na mafuvu machache. Kila tukiandika lebo tunabishana. Mwenzangu anashikilia kwamba kipepeo akishakufa amekuwa kitu, hivyo iandikwe “kipepeo hiki kilikamatwa”. Mimi nimezoea “huyu alikamatwa”, ila sina hoja ya kumshinda. Halafu, vilivyomo tuviite sampuli au vielelezo?

JIBU: Mwalimu, ulichokizoea ndicho sahihi, na hoja unakutana nayo kila uendapo sokoni. Samaki aliye mezani kwa mchuuzi amekufa tangu alfajiri, lakini mteja huuliza “huyu shilingi ngapi?” Kuku wa kukaanga ni wawili, si mbili, na hakuna anayeona ajabu. Upatanisho wa kisarufi haungoji kuona kama kiumbe bado anapumua. Unafuata nomino, na nomino iliyotaja mnyama, ndege au mdudu hubaki na a- na wa- hata mwenyewe akiwa amekauka miaka mia moja. Kipepeo, kinyonga, kiboko na kifaru wanaanza kwa ki-, lakini ki- hiyo haiwaingizi kwenye kundi la kiti na kisu. Ukiandika “kifaru hiki”, msomaji atafikiria kifaru cha jeshi. Basi andikeni “kipepeo huyu alikamatwa” na “vipepeo hawa walikamatwa”, bila wasiwasi.

Mwenzako naye hakubuni tu. Nadhani anayaona mafuvu yaliyo kwenye rafu ileile, na huko mambo yanabadilika. Fuvu, ngozi, yai na kiunzi cha mifupa ni vitu, kila kimoja kina ngeli yake. Hapa ningependa mtulie kidogo, maana ndipo lebo nyingi zinapopotosha bila mwandishi kujua.

Chukua sentensi mbili: “Fuvu la kima lililookotwa Rungwe” na “Fuvu la kima aliyeokotwa Rungwe”. Zote ni Kiswahili safi, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inasema mtu aliokota fuvu, mwili ukiwa haupo. Ya pili inasema aliokotwa mnyama, na fuvu likatolewa baadaye. Kwa mtafiti tofauti hiyo ni kubwa. Mnyama aliyepatikana na mwili wake wote huenda alipimwa urefu, rangi ya manyoya yake ikaandikwa na sababu ya kifo ikajulikana. Fuvu lililookotwa peke yake halina habari hizo. Kiswahili kimetupa kirejeshi, yaani ile “-lo-” au “-ye-” ndani ya kitenzi, kinachotenganisha haya mawili kwa silabi chache tu, na ni hasara kubwa tukikitumia ovyo.

Rungwe sikuitaja kwa kubahatisha. Kipunji, kima wa milima ya kusini mwa Tanzania, alitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2005, na wakati huo mfano wake rasmi, ule ambao jina la spishi hurejelea, ulikuwa picha. Baadaye akapatikana mmoja amekufa kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi huko Rungwe. Mwili wake ukapelekwa kwenye makumbusho ya Field Museum, Chicago, Marekani, na mwaka 2006 watafiti waliouchunguza wakampa kipunji jenasi (kundi la spishi za karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus. Lebo ya fuvu lake kwa Kiswahili ingesema “fuvu la kipunji aliyenaswa mtegoni”. Ukiandika “lililonaswa”, umesema mtego ulinasa fuvu.

Kuna neno jingine ambalo hukuliuliza, lakini najua mtalihitaji: kuhifadhi. Linabeba mambo mawili, kulinda kiumbe asidhuriwe na kutunza mwili usioze. Tazama habari ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyesifika kwa pembe zake. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe. Alipokufa mwaka 1974, kiunzi chake kikawekwa katika makumbusho ya taifa, Nairobi. Ukiandika “Ahmed alihifadhiwa”, mgeni hajui unasema habari za msituni au za makumbusho. Ushauri wangu ni kumwachia mnyama hai kitenzi “kulinda”, na kwa mwili kutaja kabisa kilichofanyika. Kipepeo alikaushwa. Samaki alitiwa fomalini, dawa ya kuzuia mwili usioze, kisha akahamishiwa kwenye spiriti. Ngozi ilikaushwa na kujazwa pamba. Msomaji anapata habari zaidi, nanyi mnaepuka utata. Tena kumbukeni kwamba umbo la Ahmed linalosimama nje ya makumbusho ni sanamu, kwa hiyo “sanamu hii”, na kiunzi chake ni “hiki”.

Sasa sampuli na kielelezo. Kamusi huyaweka karibu, lakini matumizi yameyatenga, nami naona yaachwe yalivyotengana. Sampuli ni sehemu ndogo inayochukuliwa ipimwe kwa niaba ya kilichobaki: sampuli ya damu, ya maji ya kisima, ya udongo. Kielelezo ni kitu chenyewe kinachowekwa kionekane na kirejelewe, kama panga linalotolewa mahakamani na kupewa namba. Kipunji yule wa mtegoni ni kielelezo. Kipande cha msuli wake kilichopelekwa kuchunguzwa vinasaba ni sampuli. Kwa hiyo chumbani kwenu mna vielelezo, na vyote kwa pamoja ni mkusanyo. Neno kielelezo litachukua ki- bila ubishi, hata kama ni cha mnyama: “kielelezo hiki cha kipepeo kilikabidhiwa na wanafunzi”. Hapo mwenzako atapata “hiki” yake kwa haki.

Lebo ya kipepeo mngeiandika hivi: namba ya kielelezo, jina la spishi, kisha “alikamatwa kwa wavu”, mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Msiache mahali na tarehe hata kama jina la spishi bado hamlijui. Jina mtaweza kulitafuta hata mwakani, lakini mahali na tarehe vikisahaulika havirudi. Lebo zinazoingia ndani ya chupa ziandikwe kwa penseli, kwa sababu spiriti huyeyusha wino wa kalamu za kawaida.